Wastani wa Saba, Avenyu Lubudi

Amisa Alfani alitaka kuthibitisha jambo dogo tu: kwamba watoto wanaofundishwa hesabu kwa vifuniko vya chupa na vijiti huelewa upesi kuliko wale wanaonakili ubaoni. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Asubuhi alifundisha darasa la tano C katika shule ya msingi ya mtaa wa Kanyembo, pale Kolwezi, na alasiri alisoma chuo cha ualimu ili apate lisansi yake, shahada ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa mada ya memwari yake, utafiti wa kumalizia chuo. Madarasa matatu, A, B na C, watoto thelathini na wawili kila darasa, njia tatu za kufundisha, na mtihani mmoja wa maswali ishirini kila mwisho wa mwezi. Kisha hesabu ya kulinganisha wastani wa makundi.

Mwisho wa Januari alipeleka karatasi zake kwa msimamizi wake, Mpoyi, mwalimu wa takwimu chuoni, mtu mwembamba ambaye dirisha la ofisi yake lilitazama kilima cha kijivu cha mabaki ya mgodi. Mpoyi alisoma jedwali mara mbili, akavua miwani.

"Haina kitu, Amisa. Bikundi byako bitatu biko sawasawa."

Akamkumbusha namna hesabu ile inavyofanya kazi, kwa sauti ile ile aliyoitumia darasani. Kuna tofauti kati ya kundi na kundi, na kuna tofauti ndani ya kila kundi, mtoto kwa mtoto. Unagawanya ya kwanza kwa ya pili. Ukipata moja, au chini ya moja, basi makundi hayana habari ya kukupa. Ukipata namba kubwa, kuna kitu kimewatenganisha. Amisa alikuwa amepata sifuri nukta nne.

"Sasa nitaandika nini?"

"Andika kama haina kitu. Hiyo pia ni jibu." Mpoyi akarudisha miwani, na kidole chake kikasimama chini ya jedwali. "Lakini angalia hapa, ndani ya bikundi. Batoto bamoja bako na kumi na tano, bengine bako na tano, mu darasa moja, na mwalimu moja. Ni mingi sana. Kuko kintu kinabagawanya, na haiko vifuniko vyako. Ubapange namna ingine, utafute."

Jumamosi ile, baada ya chakula cha mchana, Amisa alitandaza karatasi juu ya meza ya nyumbani kwao. Alianza kwa kuwapanga wavulana na wasichana. Hakuna kitu. Akawapanga kwa umri. Hakuna kitu. Akawapanga waliorudia darasa na wasiorudia. Ilitoka tofauti kidogo, ya kawaida. Mwishowe, kwa kukosa lingine, akachukua daftari la mahudhurio, lenye jina la mtoto, jina la mzazi na avenyu anayokaa.

Kanyembo ilikuwa na avenyu nne zilizopewa majina ya mito, zimelala sambamba, moja baada ya nyingine, kutoka barabara ya lami hadi kwenye ua wa shule: Lufupa, Dikulwe, Lubudi, Lufira. Watoto ishirini na watatu, ishirini na sita, ishirini na wawili, ishirini na watano. Aliwahesabu kwa mtihani wa Januari. Lufupa, karibu kumi na mbili juu ya ishirini. Dikulwe, kumi na kitu. Lufira, zaidi ya kumi na mbili. Lubudi, saba.

Aligawanya tofauti moja kwa nyingine, akapata kumi na mbili. Akafikiri amekosea kujumlisha. Akarudia. Kumi na mbili.

Desemba, kwa sababu ya likizo, haikuwa na mtihani, basi akatoa mitihani ya Novemba. Lubudi walikuwa sawa na wengine mwezi ule. Walioanguka ni Dikulwe. Akatoa ya Oktoba. Walioanguka ni Lufupa.

Baba yake, Mzee Alfani, alikuwa amekaa mlangoni akishona kamba ya turubai. Alikuja Kolwezi kijana, kutoka Kasongo, na tangu hapo alikuwa akipeleka mahindi na makaa kwa lori kati ya Mutshatsha na mjini. Hakusoma sana, lakini aliinuka, akaja kusimama nyuma ya binti yake akatazama safu zile tatu za namba alizozizungushia duara.

"Hii kintu inatembea," akasema. "Kila mwezi avenyu moja. Ni kitu gani inatembea pole vile?"

Amisa alikuwa akitazama mahali ambapo ukurasa uliisha. Baada ya Lufira hapakuwa na avenyu nyingine. Palikuwa na ua wa shule.

Jumatatu aliwatazama watoto wa Lubudi waliokuwa darasani mwake kwa jicho lingine. Hawakuwa wagonjwa. Hawakuwa na njaa kuliko wengine. Walikuwa na usingizi. Mmoja alilala mdomo wazi huku ameshika kalamu. Alipowauliza kwa nini hawalali nyumbani, walitazamana, kisha wakatazama meza zao, na hakuna aliyefungua kinywa. Watoto tisa, na wote kimya kwa namna moja, kama waliofundishwa.

Juma lile, saa tisa alasiri, alikwenda Avenyu Lubudi na daftari mkononi, akisema anaandika kitabu cha chuo juu ya watoto na masomo. Walimpokea vizuri. Katika nyumba ya kwanza magodoro yote yalikuwa yamesogezwa chumba kimoja. Katika ya pili vilevile. Katika ya tatu chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa turubai la rangi ya machungwa, na mama wa nyumba alisimama mbele yake muda wote wa mazungumzo. Ukuta mmoja ulikuwa na ufa uliozibwa kwa udongo mbichi. Kila sakafu ilikuwa imefagiwa, na kila sakafu ilikuwa na vumbi la kijanikijani kwenye pembe, ambalo ufagio haukulifikia.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Kabamba, baba wa Jémima, msichana wa dawati la nyuma katika darasa lake. Kabamba alikuwa mtu mnene wa mabega, mpole wa kusema. Alimtolea kiti, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaangalia daftari.

"Mwalimu, ulikuja kuhesabu batoto ao kuhesabu mashimo?"

"Nilikuja kuuliza juu ya nini batoto ba avenyu hii habalale, tata."

"Banalala. Banaamuka tu mara mingi."

Ndipo Amisa alipoisikia kupitia miguu ya kiti. Hata sauti haikuwa, ilikuwa mtikiso mdogo, ukakoma, ukaja tena. Kabamba alimwona akisikia.

"Kuko kazi chini ya nyumba yenu," Amisa akasema.

"Kuko kazi chini ya nyumba mingi. Ile filon, ile mushipa ya madini, inapita fasi inapenda. Haiulize nyumba ni ya nani. Shiye tunaifuata tu."

"Inaenda wapi?"

Kabamba akaelekeza kwa kidevu. Upande wa Lufira, na zaidi ya Lufira.

"Kule ni masomo, tata, ni shule yetu."

"Masomo iko juu. Shiye tuko chini, metre nane. Tunaweka miti ya kushika udongo, mama. Mi mwenyewe njo ninaweka. Mutoto wangu anaikala pale juu, unafikiri nitaweka miti ya bovyo?" Akainama karibu kidogo. "Lakini kama unasema, mapolisi batakuja. Batafunga mulango kwa juu, na kuko bandugu ndani. Uliona vile banafanyaka?"

Alikuwa hajaona, lakini alikuwa amesikia, kama kila mtu Kolwezi. Akaahidi kutosema kwa polisi. Alipotoka nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya Februari isiyo na haraka, na alitembea hadi nyumbani bila kufungua mwavuli.

Mtihani wa Februari ulitoka kama alivyoogopa. Lubudi walipanda hadi kumi na moja. Lufira walishuka hadi sita na nusu. Alikaa na karatasi ile siku mbili, kisha akaenda kwa direkta wa shule, Benoît Ngeleka.

Direkta Ngeleka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto mia saba katika vyumba tisa, paa la manjanja, mabati membamba yaliyotobolewa na mvua ya mawe, na walimu wawili waliokwisha kwenda zao migodini. Alisikiliza yote. Akaomba aonyeshwe wastani, akauangalia kwa heshima.

"Amisa, nitapeleka nini ku ofisi ya elimu? Hii karatasi? Bataniuliza, direkta, shimo iko wapi? Nitajibu nini? Iko mu hesabu ya Madame Amisa?"

"Waambie waje kusikiliza."

"Na kama banakuja, banafunga masomo. Batoto mia saba bataenda wapi? Bataenda kushuka mule mule mu shimo." Akamrudishia karatasi. "Bazazi bale njo banatupatia makala ya kupikia, njo banatengeneza madawati. Tungoje kwanza. Pengine mushipa utaisha."

Amisa alitaka kuamini hivyo. Wiki mbili alifundisha vizuri, akacheka na watoto, akawapa vijiti vipya. Mwisho wa Machi akafanya mtihani, akasahihisha, akampelekea Mpoyi namba kwa simu, pamoja na avenyu ya kila mtoto, maana yeye mwenyewe hakutaka kuzipanga.

Mpoyi alimpigia siku ya pili, saa ya mapumziko.

"Sasa tuko na kitu," akasema. "Avenyu zimelingana, zote nne, hakuna tofauti tena. Lakini madarasa, Amisa. A kumi na mbili, B kumi na mbili, C nane. Nikigawanya ninapata F ya kumi na tatu. Mara ya kwanza mu mwaka muzima." Akasita kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu. "Na C ni yako. Ni kundi ya vifuniko. Donc, basi, njia yako mupya inaangusha batoto. Itakuwa ngumu kuandika, lakini ni matokeo."

Amisa alimshukuru akakata simu. Kwa dakika chache alijilaumu yeye. Alikuwa amechoka mwezi ule, pengine hakuwa akieleza vizuri. Kisha akarudi kwenye darasa lililokuwa tupu, akachukua karatasi za C akazipanga mezani jinsi watoto wanavyokaa: madawati manane, mistari minne, watoto wanne kila dawati. Mistari miwili ya mbele, wastani kumi na nukta nne. Mistari miwili ya nyuma, tano na nukta sita. Mtoto wa Lufupa, mtoto wa Dikulwe, mwenye akili na asiye nazo, wote wa nyuma walikuwa wameanguka pamoja.

Yeye alifundisha amesimama mbele, juu ya ngazi ya saruji chini ya ubao. Hakuwahi kukaa nyuma.

Alitembea hadi dawati la mwisho. Watoto wake walikuwa nje wakipiga kelele. Alikaa mahali pa Jémima, magoti yakigusa mbao, akavua viatu, akaweka nyayo zake sakafuni. Saruji ilikuwa baridi. Kwa muda hakusikia kitu. Kisha ikaja: chuma juu ya jiwe, mara moja, kimya, mara moja, kimya. Halafu sauti ya kitu kinachoburutwa. Kilipita chini yake kuelekea mbele, kwenye ubao, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

Kengele ilipolia alimzuia Jémima mlangoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na moja, mrefu, mwenye nywele zilizosukwa na dada zake kwa haraka.

"Unasikia kitu chini ya dawati yako?"

Jémima aliangalia nje kwanza. "Ni tata, Madame."

"Unajuaje ni baba yako?"

"Kama anafika chini yangu anapiga mara tatu. Aliniambia, ili nisiogope." Akafikiri. "Siogope. Ninangojea tu. Kama anakawia sisikie bitu unasema ku ubao."

Amisa alimwambia aende akakae. Alifundisha somo lile la desimali mpaka mwisho, na hakukumbuka baadaye neno hata moja alilosema. Alikuwa amewaza mambo mengi juu ya watu wanaochimba chini ya shule, lakini hakuwaza kwamba mmoja wao angekuwa akimsalimia mtoto wake.

Alimtafuta Kabamba siku tatu bila kumpata. Mkewe alisema yuko kazini. Mvua za mwisho wa msimu ziligeuka kuwa kubwa; uwanja wa shule ulijaa maji asubuhi, na ikifika saa nne yalikuwa yamekauka. Wengine walifurahi kwamba udongo unakunywa. Amisa alisimama akatazama maji yakizama karibu na ukuta wa chumba chake, mahali pamoja, yakizunguka kidogo kama kwenye karai lililotoboka.

Alhamisi aliingia kwa direkta kuomba chaki. Ngeleka hakuwepo. Mezani palikuwa na karatasi nne za kuhamisha mwanafunzi, zimesainiwa na kupigwa muhuri. Wote wanne walitoka tano C kwenda tano A, kuanzia Jumatatu. Sababu iliyoandikwa ilikuwa moja: ombi la mzazi. Jina la kwanza lilikuwa la Jémima Kabamba. Alisoma majina mengine matatu. Baba zao wote aliwajua sasa.

Alikuwa bado amezishika direkta alipoingia.

"Walikuomba lini?" Amisa akauliza.

"Jana. Moja moja. Bazazi bako na haki."

"Hukuwauliza sababu?"

Ngeleka alivuta kiti akakaa. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Niliuliza wa kwanza. Alisema, direkta, saini tu. Sikuuliza tena bengine."

"Wanajua miti haishiki."

"Bangejua bangetoka."

"Wanatoa watoto wao kwanza," Amisa akasema. "Mimi nina ishirini na wanane wengine."

Nje mvua ilikuwa ikipiga manjanja. Amisa aliweka karatasi zile juu ya meza, moja juu ya nyingine, akaenda zake.

Siku ya pili, Ijumaa, hakuwaingiza watoto darasani. Aliwapanga mistari miwili uwanjani, akawachukua na ubao mdogo na vijiti vyao hadi ukumbi wa parokia, upande wa pili wa barabara ya lami, na padri, ambaye hakuuliza mengi, akawafungulia. Jémima na wale watatu walikuja pia. Walikuwa bado wake mpaka Jumatatu. Na Jumatatu, direkta alipowaita wale wanne waende tano A, Amisa aliomba mwalimu wa A na wa B wahamie naye. Wa B alikubali. Wa A alikataa. Chumba chake kilikuwa mwisho mwingine wa jengo, na yeye hakusikia kitu.

Ngeleka alimwandikia barua ya onyo. Wazazi wawili walikuja kumwuliza kama anataka kuwabatiza watoto wao kwa nguvu, yeye Mwislamu. Amisa aliipokea barua, akawajibu wazazi kwa upole, na kila asubuhi akavusha watoto barabara.

Kwa polisi hakwenda. Alikuwa ameahidi, na alikumbuka watu waliofungiwa chini. Kila siku alijiambia kwamba atakwenda kesho kwa mtu mwingine, kwa padri, kwa chifu wa mtaa. Padri aliambiwa, akasema ataomba ushauri kwa wakubwa wake. Chifu wa mtaa alimsikiliza akiwa amekaa kwenye ukumbi wa nyumba yake, na nyuma yake, juu ya mlango wa chumba cha nyuma, lilining'inia turubai la rangi ya machungwa.

Ilikuwa Jumanne ya juma la pili, saa tatu na robo asubuhi. Amisa alikuwa akiandika tarehe. Ilisikika kama lori linalomwaga changarawe, mbali, na likaendelea kumwaga muda mrefu kuliko lori lolote. Watoto walinyamaza. Kisha wakaona, juu ya ua wa shule, vumbi likisimama, ingawa udongo ulikuwa umelowa.

Chumba cha tano C kilikuwa kimekwenda chini chote isipokuwa ukuta wa mbele. Ukuta ule ulibaki umesimama na ubao wake, na mbele ya ubao ngazi ya saruji, na baada ya ngazi hapakuwa na kitu. Manjanja ya paa yalikuwa yamejikunja ndani ya shimo kama karatasi. Chumba cha B kilikuwa kimepasuka toka juu hadi chini. Watoto wa vyumba vingine walikuwa wametoka mbio, na wa A wote pia, na mwalimu wa A alikuwa amekaa chini kwenye matope, akiwahesabu, akikosea, akianza upya.

Mchana ule, kwenye shimo la Lufira, walitoka watu wawili, weupe kwa vumbi. Watatu hawakutoka. Kabamba alikuwa mmoja wa watatu.

Kilio kilifanyika Avenyu Lubudi, mbele ya nyumba, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo nne. Hakukuwa na mwili wa kuzika. Amisa alikwenda na mama yake, Rehema. Walibeba unga na mafuta. Hakujua kama watamfukuza. Mjane, mama mfupi aliyeitwa Wivine, alimwonyesha nafasi kwenye mkeka karibu naye.

Wivine akaanza kuzungumza, taratibu, akitazama mbele.

"Ile siku alishuka kubaita bengine batoke. Alijua miti imeshachoka. Babili balimusikia, bakatoka. Bale bengine balisema kidogo, kidogo tu, tumalize."

"Mama, ningesema mapema," Amisa akasema. "Ningesema kwa mapolisi mu Februari, wangefunga."

"Pengine." Wivine hakumfariji, wala hakumlaumu. "Aliniambia kitu moja. Alisema, kule chini unasikiaka miguu ya batoto juu yako. Banakimbia, banaburuta madawati, unasikia yote. Alisema tangu Madame anabapeleka kwa padri, hasikie tena miguu, na roho yake inatulia." Akajifuta uso kwa pindo la kitenge. "Kumbe mi nilifikiri ataacha. Juu iko tupu, hakuna tena mutoto, sasa ataacha. Alisema hapana, sasa njo tunaweza kufanya mbio."

Rehema, mama wa Amisa, alishika mkono wa mjane. Amisa hakuweza kunyanyua macho. Alikuwa amewaondoa watoto ili wapone, na watu wa chini walipojua wameondoka, waliacha kuogopa.

Shule ilifungwa. Tano zote tatu zilimaliza mwaka katika ukumbi wa parokia, watoto tisini na sita mahali pamoja. Jémima alikosa majuma mawili, kisha akarudi. Alikaa mbele sasa, kwa kuwa aliomba hivyo, na alisikiliza kila neno, na mwezi wa Juni alipata kumi na sita juu ya ishirini. Amisa alisahihisha karatasi ile mara mbili na hakujua kama afurahi.

Memwari aliiandika upya. Mpoyi alimshauri aache mambo ya avenyu, abaki na vifuniko, aseme tu kwamba tukio lilivuruga takwimu. Alikataa. Aliandika kila mwezi kama ulivyokuwa, kundi kwa kundi, na akaita kazi yake utafiti juu ya usingizi wa watoto na alama za hesabu. Alitetea mwezi wa Julai mbele ya watu watatu, katika chumba chenye joto. Waliuliza maswali ya kawaida: kama makundi yalikuwa na ukubwa wa kutosha, kama alithibitisha kwamba tofauti za ndani zinalingana. Alijibu yote. Wakampa distinksyo, sifa ya waliofaulu vizuri. Mpoyi akapiga makofi kwanza, wengine wakafuata.

Mmoja wa wale watatu alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bilonda, mwalimu wa saikolojia, ambaye hakuuliza swali hata moja. Alimfuata Amisa nje kwenye baraza, akangoja watu wapite.

"Uko na dakika?"

Wakakaa kwenye benchi ya saruji. Bilonda alifungua mkoba akatoa karatasi mbili za hesabu zilizokunjwa. Alisema anakaa upande mwingine wa mji, mbali kabisa na Kanyembo. Binti yake, Abigaël, yuko darasa la sita, na tangu Juni alama zake zimekuwa mbaya. Wamempa dawa za minyoo, wamemnunulia miwani.

"Niliomba alama za darasa yote kwa direkta wao," akasema. "Nikabapanga kwa avenyu, kama vile wewe ulifanya."

Amisa alipokea karatasi. Mwezi wa Mei, wastani tatu zinazolingana, na moja ya chini. Mwezi wa Juni, wastani tatu zinazolingana, na moja ya chini, si ile ya kwanza.

"Nyumba yenu iko avenyu gani?"

Bilonda aliweka kidole kwenye ya Juni.

"Bwana yako anajua?"

"Anachelewaka kurudi siku hizi," Bilonda akasema. "Anasema ni kazi. Viatu vyake anavisafisha yeye mwenyewe, hataki mutu avishike." Alitazama kule walikokuwa wanafunzi wakipiga picha na familia zao. "Mi haiko mwalimu wa takwimu. Pengine nilikosa kugawanya. Nilikuwa natafuta mutu aniambie kama nilikosa."

Amisa alichukua kalamu kwenye mkoba wake, akageuza karatasi upande usioandikwa. Akaanza tangu mwanzo: jumla ya kila kundi, wastani wa kila kundi, tofauti ya ndani, tofauti ya kati. Alikwenda polepole, akarudia kila mstari, kama mtu anayetafuta kosa kwa moyo wake wote. Bilonda alikaa karibu naye, mikono juu ya mapaja, akifuata ncha ya kalamu.

Hakuna kosa lililoonekana.